Shangazi, naandika "tunawaombea" halafu siombi

Shangazi, Bwana Yesu asifiwe.

Nina miaka 41, nina mume na watoto watatu, na hapa Morogoro nina kaduka ka vifaa vya shule na fotokopi. Kwenye jumuiya yetu mimi ni katibu. Kwa kuwa katibu ndiye anayedhaniwa bando halimwishii, nikafanywa na admini wa grupu la WhatsApp. Tuko sitini na kitu. Nilidhani kazi itakuwa kukumbusha kwamba ibada ya Alhamisi iko kwa fulani, na nani bado hajatoa rambirambi. Siku hizi lile grupu ni redio ya misiba.

Naona nianzie Kariakoo. Ghorofa lilipoporomoka ile Jumamosi ya Novemba 16, 2024, nilikuwa dukani. Mdogo wangu ana fremu hukohuko Kariakoo, mtaa mwingine. Nilipompata hewani nikajua ni mzima, nilipaswa kushukuru na kuendelea na kazi. Badala yake nilikaa na simu mpaka saa nane usiku. Video hii, video ile, watu wanafukua kifusi kwa mikono, ndugu wamesimama pembeni wameshika vichwa. Kila video naweka vile vimikono viwili vilivyounganishwa. Kwenye grupu nikaandika, "Jumuiya yetu tunawaombea ndugu zetu wa Kariakoo." Amina zikamiminika mpaka asubuhi. Mimi nikalala. Shangazi, sikupiga goti. Hata macho sikufumba.

Ikaja Januari 2025, Goma, kule Kongo. Ikaja Sudani, ikaja Gaza, mafuriko ya huku, ajali ya basi kule. Nikawa naandika "tunawaombea" kama navyoandika "karibu tena" kwenye risiti.

Halafu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ukazimwa nchi nzima. Sitaki kuandika mengi, wewe mwenyewe ulikuwepo. Ninachotaka kukueleza ni kwamba usiku ule nilipiga magoti nikakuta sina la kusema. Nimezoea kuomba huku nasoma kitu. Bila habari mbele ya macho, mdomo ulikuwa mkavu. Nikaanza Baba Yetu, nikaishia kwenye "mkate wetu", nikalia, nikapanda kitandani.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni la mwezi uliopita. Kijana wa mama mmoja wa jumuiya yetu, dereva wa bodaboda, alipata ajali. Mtu akaweka kwenye grupu, "Tuombe sana, kijana wetu amegongwa." Baada ya kama nusu saa mwingine akaandika, "Nimetoka wodini sasa hivi, kijana amelala." Mimi nikasoma "amelala" kama tunavyolisoma kwenye matangazo ya misiba. Sikuuliza. Nikatafuta ile picha ya mshumaa, nikaandika "Pumzika kwa amani kijana wetu, jumuiya tunakuombea," nikatuma. Amina zikaanza.

Mama yake alikuwa sokoni. Alianguka juu ya meza ya nyanya ya mwenzake.

Kijana alikuwa amepewa dawa ya maumivu akapata usingizi. Mguu umevunjika, ila yu hai. Nilifuta ule ujumbe, nikaandika, "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza, tuendelee kumwombea." Tangu siku hiyo mama yule haitikii salamu yangu. Jumapili alinipita mlangoni mwa kanisa kama nguzo.

Na usiku wa siku ile, binti yangu wa darasa la tano akaniuliza tukiwa tunaosha vyombo: "Mama, kwani uliomba saa ngapi? Mimi nilikuona unaandika tu."

Nina maswali, Shangazi. Je, kuandika "tunawaombea" bila kuomba ni dhambi? Mtu anabebaje habari zote hizi mbele za Mungu bila kuchanganyikiwa? Nijitoe kwenye magrupu? Mume wangu anasema nitupe simu mtoni. Na yule mama nifanyeje?

Katibu, Morogoro.

*

Amina, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilipofika kwenye hilo "amelala" nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikaiona ile meza ya nyanya, kicheko kikakauka. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na moja. Metroni aliyenipokea nikiwa binti mbichi alitukataza kabisa kulitumia neno hilo mbele ya ndugu wa mgonjwa. Anayepumua, alisema, amepata usingizi. Aliyefariki amefariki. Tulimsengenya kwa ukali wake, na leo umenifanya nimkumbuke kwa heshima.

Tuanze na yule mama, maana maswali yako mengine yanaweza kusubiri. Unaniuliza habari za maombi, na kwa maombi Bwana ameshaweka foleni yake: ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapohapo, uende kwanza ukapatane naye. Ni Mathayo 5, unaijua. Mwenye neno ni yeye, ila wa kuinuka na kwenda ni wewe. Hiyo "samahani kwa usumbufu uliojitokeza" ni lugha ya tangazo la maji kukatika. Usumbufu haukujitokeza, mwanangu. Uliutuma.

Basi nenda. Nenda jioni, akiwa ametoka sokoni na ameshapumzisha miguu. Chukua kilo ya sukari au unga kama mtu anavyokwenda kumwona mgonjwa, maana ndiko unakokwenda. Simu iache nyumbani. Usiongozane na mwenyekiti wa jumuiya wala mwinjilisti, atadhani umemletea baraza. Na usimweleze kwamba ulisoma "amelala" ukaelewa vingine. Hiyo ni stori ya kumweleza mumeo. Yeye mwambie, "Nilitangaza kifo cha mwanao bila kukuuliza. Nimekukosea." Halafu nyamaza. Akisema, sikiliza. Akilia, kaa. Akikwambia ondoka, ondoka, na wiki ijayo urudi. Ukikaribishwa kumwona kijana, muulize mguu unaendeleaje, na safari hii usiwe wa kwanza kusema "tuombe". Waache wenyewe waseme.

Kwenye grupu nako andika upya, kwa jina lako, bila "jumuiya yetu". Kosa lilikuwa la hadharani.

Haya, sasa swali lako la kwanza. Kuandika "tunawaombea" bila kuomba, mimi nauita uongo. Ni mdogo, wa mazoea, hauna nia mbaya, lakini kuna mfiwa anausoma na kuuegemea. Ila usiniletee magunia ya hatia hapa, maana dawa yake ni ndogo kuliko ugonjwa. Omba kwanza, uandike baadaye. Hujaomba, usiandike, hata kama wewe ndiye katibu na watu wote wameshaandika. Sekunde kumi zinatosha: "Bwana, wahurumie walio chini ya kifusi, na wape nguvu wanaofukua." Umemaliza. Ndipo uandike.

Najua utaniambia sekunde kumi ni dharau. Ngoja nikupe mtu wangu.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme huko Shushani, mbali na kwao. Habari zilimfikia kama zinavyotufikia sisi, kwa watu waliotoka huko. Hanani, mmoja wa ndugu zake, alikuja na wenzake kutoka Yuda. Na Biblia inasema jambo ambalo wengi tunaliruka tukikimbilia machozi yake: aliwauliza. Aliuliza habari za Wayahudi waliosalia, akauliza na habari za Yerusalemu. Ndipo wakamwambia ukuta umebomolewa na malango yameteketezwa kwa moto. Hapo akaketi, akalia, akaomboleza kwa siku kadhaa, akafunga. Huo ulikuwa mwezi wa Kisleu. Alipokuja kupata nafasi ya kumweleza mfalme ulikuwa Nisani, kama miezi minne baadaye. Miezi minne kwa habari moja! Sisi kwa miezi minne tumeshazika nchi sita na kuzisahau tano.

Sasa mfalme anamuuliza, unataka nini? Soma Nehemia 2:4 na 5 kwa utaratibu: "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni." Halafu anamjibu mfalme. Kati ya swali na jibu, glasi ya divai bado iko mkononi mwa mfalme, mtu ameomba. Nadhani hata mdomo haukucheza. Hizo ndizo sekunde kumi zako, isipokuwa zake zilikuwa na miezi minne nyuma yake. Zako zina nini nyuma yake? Hilo ndilo la kuliangalia, na kwa maoni yangu ndiko ulikokwama usiku ule mtandao ulipozimwa. Ulikuwa na vijiombi vya dukani bila ghala.

Na kuhusu usiku ule, nikwambie kitu. Katika barua yako yote, sala moja tu nimeiamini bila wasiwasi: ile Baba Yetu iliyoishia kwenye mkate. Uliona umeshindwa. Mimi naona siku hiyo ndipo ulipoacha kusoma maneno ya wengine ukabaki na ulilonalo, na ulilokuwa nalo lilikuwa machozi. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Mimi usiku huo nilikuwa na wajukuu watatu na redio ya betri, na sikufika hata kwenye mkate.

Kwa kuwa wasomaji wengi wameniuliza tangu hapo kama kuwaombea wenye mamlaka ni kuwaunga mkono: Paulo anamwagiza Timotheo kufanya sala kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, na wafalme wa siku hizo walikuwa Warumi wasiomjua Mungu wake. Unaweza kumwombea mtu atende haki huku mkono wako uko begani kwa mama aliyepotelewa na mtoto. Nipite hapo.

Tuje kwenye mzigo. Zamu ya usiku, wodi ya upasuaji ya wanaume, vitanda thelathini na sita, na siku mbaya wengine wawili wawili kwa kitanda. Wauguzi ni wawili, mmoja ameitwa chumba cha upasuaji. Muuguzi mgeni hukimbia huku na huku kila anapoitwa, na asubuhi unakuta sindano za saa sita hazikuchomwa hata moja, ingawa ana jasho kama mpagazi. Tulifundishwa kuchagua. Unaanza na mgonjwa aliye hoi, wengine unawapitia, unawagusa, unawaambia nimekuona. Wodi nzima si yako. Yako ni zamu.

Kwa hiyo nakushauri uchague habari mbili. Moja ya karibu, ambayo unaweza kuifikia kwa miguu au kwa daladala. Kwako sasa hivi ni huyo kijana na mama yake. Moja ya mbali, na hiyo ukae nayo mwezi mzima, hata vyombo vya habari vikihama. Umeitaja Goma. Basi chukua Goma. Ile ni nchi nyingine, lakini wanaomba kwa Kiswahili kama wewe, kina vionjo vyake vya kwao, ila mtu akipaza "Ee Mungu utusaidie" utamwelewa bila mkalimani. Tafuta ramani kwenye hizo atlasi unazouza dukani. Uone mji ulivyobanwa: Ziwa Kivu kusini, mlima Nyiragongo kaskazini, mpaka wa Rwanda na mji wa Gisenyi mashariki. Mlima huo ulitapika moto Januari 2002, uji wake ukapita katikati ya mji, na ukatapika tena Mei 2021. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 wakaingia waasi wa M23. Ukishajua hayo, hutaomba tena "Mungu aisaidie Kongo" kama anayerusha sarafu. Utamwombea mwenye duka la fotokopi kule Goma, mwenye miaka 41, aliyejenga nyumba yake juu ya mawe ya volkano na hajui afungue duka kesho au asifungue.

Sudani je, Gaza je? Wapitie. "Bwana, na hawa pia." Kuna wengine wanaokaa nao usiku na mchana, hujaachiwa peke yako.

Hapo sasa nina ugomvi kidogo na wewe, na hizo video za saa nane usiku. Ulikuwa unaangalia nini? Najua jibu, maana na mimi niliziangalia mbili kabla mjukuu hajaninyang'anya simu. Huhitaji kuona mwili wa mtu ili umwombee. Wodini mtu akifariki, jambo la kwanza lilikuwa kuvuta pazia. Tulimfunga kidevu, tukamnyoosha mikono, tukamfunika shuka mpaka kichwani, ndipo ndugu waitwe, mmoja mmoja, na kiti kiwepo. Leo mtu anakufa barabarani na kabla pazia halijapatikana ameshaonwa na nchi nzima, chini yake Amina mia mbili. Ikikufikia video ya namna hiyo ifute, hata kama imeandikwa "tuwaombee". Wewe ndiwe pazia lililobaki.

Na chini ya hizo video za Kariakoo hukukosa kukutana na wale wanaouliza ni dhambi gani ilifanyika pale, wakidai ni hukumu. Swali hilo lilishaulizwa, na habari yenyewe ilikuwa ya jengo. Luka 13, mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu kumi na wanane. Yesu akauliza kama waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: "Nawaambia, Sivyo." Kisha akawageuzia kibao waliomletea habari, akawaambia watubu wao. Mimi nikiona mtu anahubiri hukumu juu ya kifusi ambacho bado kina watu, namwandikia mistari hiyo mitano na sisubiri majibu.

Grupu usijitoe, na simu usiitupe mtoni, mwambie baba watoto samaki hawana kosa. Wewe ni admini, una uwezo ambao muumini wa kawaida hana. Tangaza kwamba kifo hakitangazwi mpaka mtu wa familia atamke, na aliyepata habari apige simu kwanza, simu ya kuongea. Picha za wagonjwa hapana. Na mtu akileta ombi, aseme mwenye shida ameridhia lisomwe na watu sitini. Hili la mwisho litakuletea maneno, nakuonya mapema. Maana tunalo jambo moja kanisani ambalo ni umbeya wenye Amina mwishoni: "Wapendwa tumwombee dada yetu fulani, amepima na majibu hayakuwa mazuri, tusimseme jamani." Tayari umeshamsema! Mimi nimetunza siri za majibu ya watu miaka thelathini na moja kwa kiapo, halafu mtu anayatoa kwa dakika moja kwa jina la Yesu. Unaweza kumwombea mtu bila grupu kujua ana nini. Mungu ana faili lake.

Wapo watakaokwambia kwamba hata habari ikiwa ya uongo, maombi hayapotei. Hayapotei, nakubali. Ila waulize habari za meza ya nyanya. Kutoka 23:1 inaanza na "Usivumishe habari za uongo", na haikuweka ruhusa kwa aliyeitakia mema. Hata sheria yetu ya makosa ya mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo, ingawa sidhani utapelekwa mahakamani kwa mshumaa. Na zile za "tuma kwa watu kumi na wawili kabla ya saa sita upokee muujiza", futa bila kuogopa. Mungu hajaajiri karani wa kuhesabu umetuma kwa wangapi.

Kuna jambo moja hukuliuliza, nami nitalisema kwa kuwa ni mtu wa hospitali. Yakobo anamshangaa mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala riziki, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," bila kumpa kitu. Ajali zikitokea, sisi wodini tulichokuwa tunakosa mara nyingi ni damu. Ndugu wamejaa uani wanaimba na kuomba, nyimbo nzuri, zinatoa machozi, na kwenye friji ya maabara hakuna chupa ya kundi linalotakiwa. Nilikuwa natoka nje na sare yangu nawaambia, wapendwa, endeleeni kuimba, ila wanne mje huku mkunje mikono ya shati. Kama una miaka kati ya 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema, unaweza kuchangia. Mwanamke kila baada ya miezi minne, mwanamume mitatu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama wana vituo, na hospitali ya mkoa itakuelekeza. Una watu sitini na kitu kwenye grupu. Wakienda hata kumi siku moja, kwa kimyakimya, bila picha ya kuposti, yule dereva wa bodaboda atakayegongwa mwezi ujao atakuta mmeshamwombea.

Sasa usiku. Simu isilale chumbani. Nunua saa ya mezani ya kukuamsha, hapo dukani kwako lazima unazo. Tafuta na daftari moja dogo, lile la kurasa arobaini na nane. Tulikuwa na kitabu cha ripoti wodini. Zamu ikiisha unaandika: kitanda cha nne ana homa, cha tisa amekataa kula, cha kumi na moja mkewe amesafiri kutoka Mahenge hajafika. Unamsomea anayekupokea, anasaini, unavua aproni unakwenda nyumbani. Ukishakabidhi, cha nne si chako mpaka kesho. Wenzangu walioshindwa kukabidhi hawakudumu kazini.

Fanya hivyo. Kabla ya kulala andika mistari miwili, wa karibu na wa mbali. Ukipata habari nzito mno, fanya kama Hezekia alivyofanya alipopokea waraka wa vitisho wa mfalme wa Ashuru: aliusoma, akapanda nyumbani kwa Bwana, akaukunjua mbele zake. Liweke daftari wazi kitandani kama alivyoukunjua ule waraka, lisome kwa sauti, hata Baba Yetu ikiishia kwenye mkate. Halafu lifunge. Zaburi 121 inasema mlinzi wa Israeli hatasinzia wala hatalala usingizi, basi zamu ya usiku ina mwenyewe. Mwite na yule binti wa darasa la tano mfanye pamoja. Ameuliza saa, mwonyeshe saa.

Nasubiri barua yako ya pili. Usiniandikie habari za grupu. Niambie kama yule mama alikufungulia mlango, na kijana ameshaanza kukanyagia ule mguu au bado yuko na magongo.

Shangazi.